Acheni kuwadanganya watu wa Dar kwamba Mbeya maisha ni bei chee, mbona bili ya baridi hamuisemi?

Wakuu,

Kila wiki anaibuka mtu na uzi wa "nimechoka kodi za Dar, nataka kuhamia mkoani", na kila wiki majibu ni yale yale: njoo Mbeya, chumba bei chee, viazi kama bure, parachichi unaokota. Muulizaji ana mke na watoto watatu. Anafunga virago, anafika Mei, Juni inamkuta kwenye nyumba isiyo na dari. Waliomshauri hawaonekani tena.

Basi leo povu ruksa. Hakuna anayebisha kwamba kodi ya Mbeya ni nafuu kuliko ya Sinza au Tabata, wala kwamba mchele wa Kyela na Mbarali, maharage, viazi na ndizi za Tukuyu vinanunuliwa karibu na shamba. Kinachokera ni hesabu ya upande mmoja. Dar ipo usawa wa bahari, Mbeya mjini ipo mita kama 1,700 juu, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi 6 na kitu. Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Mnakiita "kibaridi". Kibaridi cha bibi yenu.

Tuanze na madalali na wenye nyumba, maana ndio wanaopiga watu zaidi.

Dalali anampeleka mteja saa 7 mchana. Jua linawaka, upepo mwanana, nyumba inapendeza. Lazima ipendeze, mchana wa Mbeya hata Julai una jua. Nyumba ya huku inakaguliwa saa 12 asubuhi au jua likishazama, na ukiingia usihangaike na rangi ya ukuta, tazama juu. Bati bila dari maana yake ni hii: usiku bati linapoa kuliko kitu kingine chochote ndani, pumzi za watu na mvuke wa jikoni vinapanda, vinaligusa, vinageuka maji. Alfajiri yanadondokea kitandani. Mpangaji mgeni anaita fundi aje kuziba bati lisilovuja, fundi naye anajua kabisa halivuji, anapanda, anapaka lami, anachukua chake. Dawa ni dari, iwe ya jipsamu au ya mbao nyembamba, basi.

Ukimaliza juu, gusa ukuta. Ukuta wa tofali za kuchoma zilizolazwa ni mnene, unakunywa jua la mchana na kulitoa usiku taratibu. Zilizosimamishwa ukuta unakuwa mwembamba, saa 3 usiku umeshapoa. Wenye nyumba za kupanga wanasimamisha kwa sababu tofali zinatumika chache, halafu kodi wanadai ya nyumba ya maana. Angalia pia chumba cha watoto kina dirisha upande gani. Huku tupo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la Juni na Julai linapita upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kaskazini kinaota jua msimu wote wa baridi, cha kusini hakilioni. Dalali hakwambii hilo, na ukimuuliza kaskazini ni wapi anakuonyesha barabara ya lami.

Halafu kuna yale matundu ya hewa juu ya madirisha. Pwani ni uhai, huku ni mlango wa upepo. Usiyazibe yote, nitasema kwa nini nikifika kwenye mkaa. Ziba ya upande upepo unakotokea, ya upande wa pili yaache.

Kiasi cha kuingilia nacho mnakificha. "Chumba na sebule laki moja na nusu" inasikika vizuri mpaka usikie mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo. Hapo ni 900,000, dalali kodi ya mwezi mmoja 150,000, jumla 1,050,000 kabla hujanunua blanketi hata moja. Bado hela ya kuoneshwa nyumba, ambayo mnailipa kwa nyumba tano na nne kati yake dalali alishajua zimepangishwa. Mtu wa kuhama kwa akili anakuja peke yake Juni, analala gesti wiki moja, anakagua alfajiri, ndipo anaita familia. Na asikae tu kung'ang'ania Forest au Uyole kwa sababu majina ameyasikia: ukishuka kuelekea Mbalizi na Songwe, baridi inapungua kila kilomita.

Sasa umeme. Hapa ndipo unafuu wote wa kodi unapoyeyukia na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kukaa na kalamu.

Dar watu wanaoga maji ya bomba. Mbeya maji ya bomba asubuhi ya Julai yanauma mifupa, kwa hiyo mtu anakimbilia hita ya kwenye bomba la mvua. Hiyo ina kilowati 5. Mtu mmoja akioga dakika 10 ametumia uniti 0.83. Watu wanne, mara moja kwa siku, ni uniti 3.3, kwa mwezi ni uniti 100, kuoga tu. Kundi la LUKU la matumizi madogo linaishia uniti 75 kwa mwezi. Ukitupwa nje ya kundi hilo, bei ya uniti inapanda karibu mara tatu, na haipandi kwa maji ya kuoga peke yake, inapanda kwa taa, friji, pasi na kila kitu.

Hita hiyo hiyo inavuta ampea kama 22. Nyaya za taa ni milimita 1.5, za soketi 2.5. Vishoka wanaiunga kwenye laini ya soketi iliyopita karibu na bafu, waya unapata moto ndani ya ukuta, plastiki yake inalainika, na siku moja bafu linanuka kuungua. Hita inataka laini yake peke yake kutoka kwenye mita: waya wa milimita 6, breka yake ya ampea 32, na athi (waya wa ardhini) inayofanya kazi kweli, siyo kijiti kilichochomekwa kwenye udongo mkavu kwa ajili ya ukaguzi. Fundi akikwambia "hii nayo inatosha, bosi", mwambie aoge yeye kwanza.

Kabla ya yote hayo, uliza kama mita ni ya kuchangia. Nyumba yenye wapangaji wanne kwenye mita moja, mwenye nyumba anapiga marufuku hita, jiko la umeme na pasi, na mkataba ulishasaini. Ikiwa hivyo, kuoga maji ya ndoo ndiko kunabeba: lita 10 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 40 zinataka kama uniti 0.29. Watu wanne kwa mwezi ni uniti 35, theluthi ya ile ya bomba la mvua. Ukichemsha kwa gesi, sehemu kubwa ya moto inapotelea pembeni ya sufuria, kwa hiyo weka kama kilo 5 za gesi kwa mwezi kwa watu hao wanne. Maana yake mtungi mdogo wa kilo 6 unakwisha kwa maji ya kuoga kabla hujabandika ugali. Anayehamia na mtungi wa kilo 6 akidhani utakwenda mwezi na nusu kama Dar, ajiandae kugombana na mkewe bure. Na kwa wasio na haraka, tangi jeusi la juu ya nyumba lina maji ya uvuguvugu kuanzia saa 9 alasiri. Watoto waoge muda huo, asubuhi wanawe uso.

Mkaa. Hapa sina utani.

Mtu wa Pwani akibanwa na baridi anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga mlango, anaziba na matundu ya hewa kwa matambara. Mkaa uliokwisha kutoa moshi na kubaki mwekundu ndio unaodanganya, kwa sababu hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu na haiwashi macho. Inashika damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, miguu inaisha nguvu, mtu anadhani ni usingizi, analala moja kwa moja. Kila msimu wa baridi kuna familia inakutwa hivyo. Jiko linawashwa nje, linapikiwa penye hewa, linabaki huko huko usiku. Anayeumwa kichwa ndani ya chumba chenye mkaa anatolewa nje kwanza na kupelekwa hospitali, mambo ya panadol baadaye. Joto la kulalia litafute kwenye vitambaa: mablanketi mawili mepesi yanashinda moja zito kwa sababu hewa inakaa katikati, na moja liwe CHINI yako. Godoro la sponji jembamba likilaliwa linabonyea, baridi ya sakafu inapanda. Likiwa limetandikwa moja kwa moja kwenye vigae, hata ujifunike mlima mzima utatetemeka upande wa mgongo.

Masweta na makoti yanunulie soko la Karume kabla hujaondoka Dar. Huko hayana mteja. Soko la Mwanjelwa, huku Mbeya, ikifika Mei kila mtu anayataka.

Jikoni nako kuna visa. Maji Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yaliyozoea saa moja na nusu yanakwenda mbali zaidi na mkaa unakatika. Loweka usiku kucha, tumia sufuria ya presha, umemaliza ubishi. Mafuta ya nazi yanaganda yakiwa chini ya nyuzi 24, na mafuta ya kula ya mawese yanaingia ukungu kisha yanakuwa mgando; watu wanarudi dukani kugomba kwamba wameuziwa feki. Siyo feki, ni Julai. Alizeti haigandi hovyo, ndiyo mafuta ya huku. Nazi yenyewe na samaki wa baharini vinasafiri zaidi ya kilomita 800 kukufikia, na bei inajua hivyo. Anayekuja kufungua biashara ya maandazi ajue unga hauumuki usiku ule wa baridi: akande kwa maji ya uvuguvugu, afunike beseni, aliweke karibu na jiko. Anayekuja na friza la barafu na juisi, asubiri Septemba.

Kusafirisha mizigo mnapigwa kwa kutojua tu. Fuso zinazoleta viazi, mbao na ndizi Dar zinarudi juu zikiwa tupu au nusu. Nenda masoko ya Mabibo au Temeke Stereo zinapomaliza kushusha, ongea na dereva siku mbili kabla, utalipa kidogo sana kuliko kukodi gari la kwenda na kurudi. Friji lisimame wima njia nzima. Likilazwa, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba, kwa hiyo lisimamishe usiku mzima kabla ya kuchomeka. Feni uza. Neti USIUZE.

Neti kwa sababu hii: mjini Mbeya malaria ni kidogo, lakini Kyela na Mbarali ipo, na mtoto aliyekaa miaka miwili bila kuumwa anapungukiwa kinga. Desemba mnampeleka kwa bibi yake Mbagala, anaugua vibaya kuliko binamu zake. Mwenye selimundu baridi inamwamshia maumivu, kwa hiyo mhame mkiwa mnajua kliniki yake mpya ipo wapi, na siyo Juni. Mwenye pumu hivyo hivyo.

Karibuni, mje na matusi yenu.

NYONGEZA: Mnaouliza Iringa na Njombe. Iringa mjini ipo chini kidogo ya Mbeya lakini ina upepo, kwa hiyo habari ya matundu inawahusu zaidi. Njombe ipo karibu mita 2,000, yote niliyoandika ongeza blanketi moja. Makete msiulize, kule asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu.

NYONGEZA 2: Mkuu aliyesema pikipiki yake imekuwa mlevi wa mafuta tangu ahamie huku, haijaibiwa kitu. Hewa ya huku juu ni nyepesi, kabureta imesetiwa kwa hewa ya Dar, kwa hiyo petroli inazidi hewa: plagi inakuwa nyeusi, moshi unatoka mweusi, mlima inakataa. Fundi apunguze mafuta kwenye kabureta na asafishe plagi. Nguvu kama asilimia 15 haitarudi hata afanye nini, hivyo anayekuuzia "injini mpya" kwa tatizo hilo mkimbie. Na siku ukiirudisha Dar, irudishe kwenye seti yake ya zamani kabla hujaanza kuikimbiza, la sivyo injini itachemka.