Mama ananyanyuka kitini kwa shida: je, kutembea peke yake kunatosha?

Muulizaji

Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 76, na tangu aliporuhusiwa kutoka hospitalini alikolazwa kwa homa ya mapafu, hawezi kunyanyuka kitini mpaka avutwe mkono, na akigeuka haraka huyumba. Daktari amesema aanze mazoezi mepesi, ila hakufafanua ni yapi. Nyumbani tumegawanyika: wapo wanaotaka apumzike kwanza mpaka apate nguvu, na wapo wanaosema matembezi ya asubuhi yanamtosha. Naombeni ushauri.

Mchangiaji wa kwanza

Pole kwa kuuguza. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Nguvu mnazozisubiri haziji kwa kupumzika, kwa sababu misuli ya mapaja ya mtu mzee hupungua upesi akilala muda mrefu, na isipofanyishwa kazi hairudi yenyewe. Matembezi ni mazuri kwa moyo na pumzi, lakini hayamfundishi mtu kunyanyua uzito wake kutoka chini. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, pamoja na kupendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, unawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye pia mazoezi ya nguvu na ya msawazo wa mwili angalau siku 3 kwa wiki.

Anzeni na zoezi la kukaa na kusimama. Tafuteni kiti imara chenye mikono, mkiegemeze ukutani, na kama ni kifupi mwekeeni mto mgumu. Asogee ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele, kisha asimame huku akitoa pumzi. Kurudi chini kuwe kwa polepole, asijibwage, maana kule kushuka kwa kujizuia kunajenga misuli sana. Mara 5 zinatosha kwa kuanzia. Akifika 10 bila taabu, ondoeni mto, kisha apunguze kujishikilia. Zoezi lisipoongezwa ugumu, nguvu hazipandi. Na tafadhali, acheni kumvuta mkono: mnamnyima kazi ambayo miguu yake inaihitaji, na bega lake linaweza kuumia.

Mchangiaji wa pili

Naunga mkono, na nisingependa umri uwakatishe tamaa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wenye miaka 86 hadi 96, ambao baada ya wiki 8 za mazoezi mazito yaliyosimamiwa, nguvu za mapaja yao ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Kuhusu kuyumba, asimame mbele ya meza nzito, mtu akiwa karibu, ainue visigino, atembee kwa upande, kisha asimame unyayo mmoja ukiwa mbele ya mwingine. Mazoezi ya namna hii yamo katika mpango wa Otago wa New Zealand, uliobuniwa ili wazee waufuate nyumbani kuzuia kuanguka.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Magoti yake humuuma anaposimama. Je, tuendelee?

Mchangiaji wa kwanza

Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake hayazuii mazoezi, na misuli ya paja ikiimarika, mara nyingi goti hupata nafuu. Likivimba, au maumivu yakizidi usiku, ongezeni kimo cha kiti na mpunguze idadi. Lakini akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumkatika isivyo kawaida, aache papo hapo na apelekwe kwa daktari. Ikiwa anatumia dawa za shinikizo la damu, akae kidogo ukingoni mwa kitanda kila anapoamka, kabla ya kusimama. Chakula chake pia kiwe na protini ya kutosha, kwa sababu misuli haijengeki kwa mazoezi matupu.