Barua taka zinatoka kwa wateja wetu wenyewe, tuanzie wapi?

Mtunza_Ruta: Wakuu, naomba ushauri. Natunza mitambo ya mtoa huduma mdogo wa intaneti. Juzi mteja wetu mmoja, mwalimu, alipiga simu: barua pepe zake kwa wazazi zinarudi zote. Nikakuta seva yetu ya barua imeingizwa kwenye orodha za kuzuiwa, yaani orodha za seva ambazo barua zake hukataliwa kwingine. Mteja mwingine aliibiwa nywila, na usiku kucha akaunti yake ikamwaga maelfu ya barua taka kupitia kwetu. Mwalimu hana kosa lolote, lakini ndiye anayeumia. Halafu nikaona nyumba tatu za wateja zinatuma barua taka zenyewe moja kwa moja kwa poti 25 (poti ni mlango wenye namba ambao mawasiliano ya mtandao hupitia).

Kebo_Ndefu: Pole mkuu. Hizo nyumba tatu ndizo rahisi. Poti 25 ni ya seva kuzungumza na seva. Mteja wa kawaida hutuma kwa 587 au 465, ambako anatakiwa kujitambulisha kwanza. Funga 25 inayotoka majumbani, na kompyuta yenye programu hasidi itakosa njia hiyo. Brazil walikubaliana kufanya hivyo nchi nzima, utekelezaji ukafika mwaka 2012, na nafasi yao kati ya nchi zinazotoa barua taka ikashuka sana. Anayeendesha seva yake mwenyewe mfungulie akiomba, usimnyime.

Mama_Seva: Sawa, ila kumbuka mwizi wa nywila anapita hiyo hiyo 587. Dawa yake ni kikomo cha barua kwa saa kwa kila akaunti. Ikivuka, simamisha akaunti hiyo peke yake, kisha mpigie mwenyewe simu abadilishe nywila. Usimtumie barua pepe, maana mwizi naye anaisoma! Na lile sanduku la abuse, yaani anwani ya kupokea malalamiko ya matumizi mabaya, lililowekwa kwenye RFC 2142 (waraka wa kanuni za intaneti) tangu 1997, kwenu linasomwa na nani?

Mtunza_Ruta: Dada, swali lako limenigusa. Nimelifungua sasa hivi. Malalamiko kuhusu akaunti ile ile yalikuwepo siku mbili kabla ya mwalimu kupiga simu, na hakuna aliyepangiwa kuyasoma. Kuanzia leo ni kazi yangu kila asubuhi, kabla ya tiketi (ombi la mteja) nyingine yoyote. Kikomo nakiweka usiku huu. Poti 25 nitawatangazia wateja wiki hii ndipo niifunge. Mwalimu nimeshampigia kumwomba radhi, na maombi ya kuondolewa kwenye orodha nimeyatuma baada ya kuifungia akaunti iliyoibwa.

Mama_Seva: Umefanya vizuri kuanza na kuifungia. Ungeomba kwanza, mngerudishwa humo kesho yake.