Tupeane uzoefu: mahame yaliyorudiwa na pori, Tabora na Kigoma

Ndugu wanajamvi, wengi wetu tuna mahame nyumbani, hasa yaliyoachwa watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970. Naomba tuelezane jinsi pori linavyoyarudia.

Naanza mwenyewe. Hame la babu zangu liko Sikonge. Nyumba za udongo hazikukawia: paa la nyasi lilipovuja, mvua ililainisha kuta, mchwa wakamalizia fito, na palipokuwa sebule leo pana kichuguu kinachonizidi kimo. Shambani pori halikusubiri mbegu, kwa sababu wazee walikata mitundu na miyombo kwa shoka wakaacha visiki na mizizi hai ardhini, na jembe la mkono lilipoacha kupita, machipukizi yaliinuka kwenye visiki vilevile. Alama za watu zilizobaki ni minyaa ya ua, ambayo imerefuka hadi kuwa miti kamili, pamoja na miembe, ingawa maembe yenyewe ni mali ya nyani.

Mdau wa Urambo: Kwetu ni kinyume, ndugu. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, uling'oa miti kwa mashine pamoja na mizizi yake, na ardhi ya namna hiyo haina kisiki cha kuchipua. Isitoshe, tumbaku ilichukua nafasi ya karanga, na tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, kwa hiyo hata mti unaojitahidi kurudi haupewi nafasi ya kukomaa.

Mdau wa Kibondo: Kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofungwa, nyasi ziliziba njia zake kabla vichaka havijaanza kushika. Ilipofunguliwa tena mwaka 2015, ilibidi kufyeka upya.

Mdau wa Kaliua: Tusisifie tu. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa magharibi mwa Tabora kwa ajili ya malale, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, ikawakusanya katika makazi ya pamoja, na walikotoka kukawa msitu. Hame linapofunga vichaka, ngiri na pongo hurudi, na ndorobo hufuata kivuli na damu yao. Wapo wanaofurahia miti hiyo kwa sababu ya mizinga ya nyuki, nami ni mmoja wao, lakini ng'ombe wangu siwapitishi huko.