Tupeane uzoefu: ulishaambiwa una uzuri "wa kigeni"? Ulipokeaje?

Binti Mbulu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Leo tuache siasa kidogo.

Mimi ni Muiraqw, mzaliwa wa Mbulu, sasa niko Dar. Tangu nihamie huku haupiti mwezi bila mtu kuniambia, "Wewe si Mbongo, wewe Mhabeshi." Saluni wananishika nywele bila kuomba. Kariakoo nimeshasalimiwa Kisomali. Vijana wa kazini wanasema nina uzuri wa eksotiki, na wanavyolitamka utadhani wamenipa zawadi. Sawa, kusifiwa kutamu, sitajifanya.

Shida ni kwamba sura hiyohiyo ndiyo inayonishusha kwenye basi la mkoani wakikagua wahamiaji. Wenzangu wanabaki wamekaa, mimi naombwa kitambulisho. Nikikitoa naulizwa nilisoma shule gani ya msingi, na kuna siku niliimbishwa wimbo wa taifa pale barabarani. Huwa naokolewa na lafudhi, maana ile ya Kimbulu hakuna Mhabeshi wa kuiigiza. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na Wakushi walikuwa Bonde la Ufa kabla ya mababu wa hao wanaoniuliza nimeingilia mpaka upi! Kwa hiyo maneno "hufanani na sisi" mimi nayasikia mara mbili: mmoja anayasema akitabasamu, mwingine akinimulika tochi usoni.

Karibuni, wa nyumbani na wa ughaibuni. Matusi hapana.

Bwana Mifugo
Kwenye fani yangu eksotiki ni ng'ombe wa kizungu, Friesian na Ayrshire. Maziwa ndoo kwa ndoo, lakini ugonjwa wa ndigana ukipita wao ndio wa kwanza kuanguka. Naendelea kusoma.

Nyar Nam
Bwana Mifugo umenivunja mbavu 😂

Mimi ni Mjaluo wa Rorya, mweusi tii. Sekondari umeme ukikatika darasani lazima mtu apaze sauti, "Nyar, tabasamu tukuone." Shangazi yangu, na huyu ananipenda kwelikweli, aliniletea kopo la krimu kabla ya send-off ya dada ili nitokelezee kwenye picha. Mkorogo wa kuchanganyiwa dukani, kopo halina lebo. Vipodozi vya zebaki vimepigwa marufuku siku nyingi, lakini muuza mkorogo hakuambii ametia nini. Sikupaka. Msinipigie makofi, nilikuwa na chunusi nikaogopa kuungua.

Nikaja Ujerumani kusoma. Ghafla nimekuwa mrembo! Watu wananisimamisha barabarani kunisifia ngozi. Mpiga picha mmoja akaniomba nikapige picha kwake, nikaenda na gauni langu la kijani nililoshonesha Mwanza, nimelipiga pasi mpaka linang'aa. Akanipa kitambaa cha madoa ya chui, akaniambia nivue viatu, na nisicheke. Nyumbani ili nitoke vizuri kwenye picha nilitakiwa nijichubue, huku nilitakiwa nikae pekupeku. Gauni langu halikumvutia mtu.

Mnamjua Iman, yule mwanamitindo Msomali? Alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Nairobi, baba yake balozi, mwenyewe anaongea lugha kadhaa. Mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, akamwona hapo mjini. Alipofika New York 1975, waandishi wa habari wakauziwa hadithi kwamba ni mchunga mifugo aliyeokotwa porini. Binti wa balozi alikuwa mzuri vilevile, ila hakuwa na soko kama wa porini. Mimi nikivuliwa viatu huwa namkumbuka yeye.

Mzee wa Hoja
Dada zangu, mbona mnalalamikia sifa? Mwanaume akisifia kosa, akinyamaza kosa. Mimi nikiitwa eksotiki nachapisha fulana.

Ticha wa Historia
Chapisha, Mzee, na mimi nitanunua moja. Ila sifa ya aina hii ina historia. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alipelekwa London 1810 akaonyeshwa kwa kiingilio, watu wakishangaa maumbile yake. Akafa Paris 1815. Hata baada ya kufa hawakumwacha: mifupa yake na umbo la mwili wake vilikaa jumba la makumbusho Paris, vikitazamwa na umma hadi miaka ya 1970. Alirudishwa kwao 2002, akazikwa Hankey, Rasi ya Mashariki. Sisemi kila anayemsifia dada barabarani ni kama wale. Nasema kuna kumtazama mtu kwa kumpenda, na kuna kumtazama kama kitu cha maonyesho, na anayetazamwa huwa anajua ni kupi.

Mzee wa Hoja
Ticha, hapo umenikalisha. Fulana naiahirisha.

Bi Mkunazini
Asalaam aleikum. Mie naandika kutoka Maskati. Nilipokuwa Unguja nikiitwa Mwarabu, na si kila mara kwa wema. Nikaolewa huku, kushuka tu nikawa Zinjibari. Nywele zangu ambazo Unguja zilikuwa "singa" huku zikawa "za Kiafrika". Mtu mmoja, nywele zilezile.

Kuna harusi nilikaa karibu na wanawake wakinijadili kwa Kiarabu, uzuri wake wa ajabu, macho yake, rangi yake, kana kwamba mie ni sinia la halua lililopita. Mamamkwe wangu kazaliwa Malindi, Unguja. Yumo katika wale waliohamia huku baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi. Akawageukia akawaambia kwa Kiarabu safi, "Mwenyewe anasikia." Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Kula mwanangu, pilau inapoa." Nilimpenda siku ile kuliko mwanawe.

Kipara Ngoto
Naingia na la kichwa. Shule za serikali tulinyolewa wote na hakuna aliyetuita warembo. Nilipomaliza nikaamua kubaki na kipara kwa sababu kinanipendeza na foleni ya saluni siiwezi. Maswali: unaumwa? umefiwa? Halafu 2007 Flaviana Matata, binti wa Shinyanga, akapanda jukwaa la Miss Universe Mexico City na kipara chake, akaingia kumi bora. Wiki ileile jirani aliyekuwa ananipa pole akaniuliza nanyolea wapi. Sasa kipara changu kikawa "cha kimataifa". Kichwa ni kilekile jamani.

Mwanya wa Mama
Daktari wa meno huku Marekani amenipa makadirio ya bei ya kuziba mwanya. Nikamwambia huo mwanya ndio ulioniozesha. Hakuelewa, nikalipia usafishaji tu nikaondoka.

Jua Kali Moshi
Mimi nina ualbino. Nimesoma michango yote kwa hamu kwa sababu siku hizi tumekuwa fasheni. Wapiga picha wanatutafuta, mtandaoni tunaitwa malaika, theluji, sijui dhahabu. Miaka si mingi iliyopita nchi hii tulikuwa tunawindwa viungo, sasa tunawindwa picha. Naona ni afadhali, lakini mkono wangu bado unasitasita mtu nisiyemjua akiniambia nimsogelee.

Yapo niliyoyapenda. 2016 Nairobi waliandaa shindano la urembo na utanashati la watu wenye ualbino. Wenyewe walisimama na suti zao na magauni yao, wamejipamba wanavyotaka, ndugu zao ukumbini wanapiga vigelegele. Hayo ni mambo mengine kabisa na kuombwa ulale kwenye mchanga mweupe ili "rangi zishabihiane", kama nilivyoombwa mimi. Saa saba mchana! Kabla hujaniambia nafanana na malaika, uliza kwanza kama nimepata mafuta ya kujikinga na jua. Yale ya Kilisun yanatengenezwa hapahapa Moshi, hospitali ya KCMC, na wenzetu wa vijijini kuyapata ni kazi. Anayetaka kusifia ngozi yangu aanzie hapo, na kofia pana pia tunapokea.

Binti Mbulu (mleta uzi)
Jua Kali, asante. Nyar Nam, lile gauni la kijani tunaomba picha, na viatu vyako.

Nyar Nam
Nitaiweka. Na nitacheka.

Mama Wawili
Nimechelewa kuuona uzi, naomba ushauri. Nina mabinti wawili, baba mmoja mama mmoja. Mdogo katoka maji ya kunde, macho mepesi, kamrithi bibi yake upande wa baba. Mkubwa mweusi kama mimi. Shemeji yangu akija Jumapili anaanzia mlangoni, "Mzungu wangu yuko wapi?" Anambeba mdogo, anamnunulia soda. Mkubwa anapewa "hujambo". Wageni nao: "Huyu mmemtoa wapi, mbona kama wa kigeni?"

Mwezi uliopita mkubwa, ana miaka minane, alinifuata jikoni akaniuliza kama sabuni ya mdogo wake ni tofauti na yake. Wanatumia kipande kimoja. Nilimwonyesha, akakubali, lakini tangu hapo anaoga muda mrefu.

Nimeshaongea na baba yao, anasema kaka yake hana nia mbaya, na kweli hana. Yule ndiye anayetulipia ada tukikwama, kwa hiyo siwezi kumrukia. Mdogo naye ameanza kuitikia "Mzungu" kuliko jina lake. Mliopitia hili na mashemeji mliwaambiaje, na mlisema mbele ya watoto au pembeni? Jumapili anakuja tena.