Memori kadi ikigoma kwenye redio ya pikipiki, hasara ni ya nani: muuzaji au mnunuzi?

Fundi, Morogoro (mleta mada)

Wakuu, nawasalimu. Mimi natengeneza redio za pikipiki hapa Morogoro, na kuna ugomvi mmoja unanifikia mezani kila mara. Dereva wa bodaboda ananunua memori kadi ya 64GB, anakwenda kujaziwa nyimbo, anaichomeka kwenye redio iliyofungwa usukani, redio haisomi. Au inasoma nusu. Akirudi dukani anaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Basi anakuja kwangu akiamini redio imekufa.

Msimamo wangu ni huu: hasara abebe muuzaji, mpaka aonyeshe kwamba kadi ni nzima na kwamba alimwuliza mteja inaenda kutumika wapi.

Kabla hamjanipinga, tutenganishe matatizo, maana watu wanayachanganya yote wanaita "kadi mbovu".

Kuna redio za zamani zinazoishia 2GB. Hizo hazina ujanja. Zilitengenezwa kwa kadi za SD za mwanzo, ambazo kila sehemu yake hutafutwa kwa kuhesabu baiti moja moja. Kadi za SDHC zilizokuja 2006, zinazofika 32GB, huhesabiwa kwa vipande vya baiti 512. Redio ya aina ile haijui hesabu hiyo, kwa hiyo ufomati usiku kucha haitaiona kadi.

Kuna tatizo la fomati. Kadi zinazozidi 32GB, zile SDXC zilizotangazwa 2009, hutoka kiwandani na mfumo wa kupanga faili uitwao exFAT. Redio nyingi za bei nafuu zinajua mfumo wa zamani zaidi, FAT32, tu. Hapo kadi nzima, redio nzima, ila hazisikilizani. Na hili linatibika: tafuta programu ya kompyuta inayokubali kuweka FAT32 kwenye kadi kubwa. Dirisha la kufomati tulilolizoea kwenye Windows limekuwa likigoma kupita 32GB, wengi wakadhani ndio mwisho wa FAT32, kumbe FAT32 yenyewe inaweza kufika 2TB. Au igawe kadi, sehemu ya kwanza uipe 32GB ya FAT32. Redio nyingi zilizoandikwa "mwisho 32GB" zinaisoma 64GB baada ya hapo. Nyingi, sijasema zote.

Halafu kuna kadi feki, na hii ndiyo iliyonifanya nilete mada. Ndani kuna 8GB, lakini chipu inayosimamia kadi imechezewa ili itangaze 64GB. Kompyuta inaamini. Simu inaamini. Unaponakili nyimbo hakuna kosa linalotokea, majina yote yanaonekana, ukubwa wa kila faili uko sawa. Kilichopita 8GB ama kimetupwa, ama kimeandikwa juu ya kilichotangulia. Ukiichomeka kwenye redio utaona kwa macho: inaanza vizuri, wimbo wa kwanza, wa pili, folda ya kwanza inaisha, kisha ghafla namba zinaanza kukimbia kwenye kioo, 0412, 0413, 0414, muda unasoma 00:00, hakuna sauti. Mara nyingine unasikia mkwaruzo wa nusu sekunde kisha inaruka. Mwenye redio anasema redio inaruka nyimbo. Redio haina kosa, haina cha kupiga.

Aliyeuza kitu hicho akilindwa na mstari mmoja wa risiti, mimi naona huo ni wizi uliopewa karatasi. Karibuni.

Muuzaji, Kariakoo

Mkuu fundi, nimekusoma vizuri na kwenye utaalamu sikupingi. Lakini unatuonea.

Sisi wa rejareja tunanunua kwa jumla, boksi zima, zimefungwa. Nami naweza kuuziwa feki kama mteja wangu. Unataka nizipime zote? Piga hesabu. Kadi ya 64GB ikiandikwa kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kuijaza tu ni karibu saa mbili, na bado hujaisoma upya kuhakiki. Faida ya kadi moja haifikii kazi hiyo.

La pili ni gumu zaidi na mafundi hamlisemi. Mteja anaondoka na kadi yangu nzima, kesho analeta feki aliyoiokota kwingine, chapa ileile, rangi ileile. Nitajuaje? Maandishi ya risiti hayakuwekwa kwa ubaya, yaliwekwa kwa sababu tulishalizwa sana.

Na redio ya mteja mimi siioni, iko kwenye pikipiki nje huko. Nitajuaje kama ni ya 2GB au 32GB?

Bodaboda, Mwanza

Ndugu muuzaji, ungeuliza. Swali moja tu: "unaenda kuitumia kwenye nini?" Sijawahi kuulizwa hata dukani kumoja. Wanachouliza ni "unataka kubwa au ndogo?", na kubwa ndiyo yenye bei.

Sisi hatununui muziki kwa starehe. Kituoni abiria anachagua pikipiki, na usiku kwenye foleni ya kusubiri mizigo redio ndiyo inayonikesha. Kadi ikifa, nimelipa kadi, nimemlipa kijana wa kunijazia nyimbo, na siku nzima nimezunguka kutafuta fundi badala ya kutafuta hela ya bosi. Hesabu ya bosi haisubiri.

Mtaalamu wa kompyuta, Arusha

Mimi niko upande wa tatu: tatizo kubwa ni sisi wanunuzi kutojua tunachohitaji, na sheria haitatibu hilo.

Angalieni. Wimbo wa MP3 wa kbps 128 (kipimo cha ubora wa sauti) unakula takriban MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni chini kidogo ya MB 4. Kadi ya 32GB inabeba zaidi ya nyimbo 8,000 za namna hiyo. Zikipigwa mfululizo mchana na usiku ni zaidi ya wiki tatu bila wimbo kurudiwa. Hata ukiweka za kbps 320, bado zinaingia zaidi ya 3,000. Sasa dereva wa bodaboda anaihitaji 64GB kwa nini? Anaitaka kwa sababu namba ni kubwa. Angenunua 16GB au 32GB, tatizo la exFAT lisingemgusa kabisa.

Tena nyimbo nyingi zenyewe ni mzigo. Baadhi ya redio hizi zina kikomo cha idadi ya nyimbo au folda, na kadi ikijaa mno redio inachelewa kuamka kwa sababu inapitia orodha yote kwanza. Watu wanadhani imeganda, wanaizima, wanaiwasha, wanaizima.

Na jamani, kadi ya 32GB ikionyesha 29.8 kwenye kompyuta msimpige muuzaji. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Hapo hujaibiwa. Wizi wa kadi feki hauonekani kwenye namba hiyo, kama fundi alivyoeleza.

Dereva, Nairobi

Hata huku Luthuli Avenue stori ni hiyohiyo, msidhani ni Kariakoo pekee. Kenya tuna sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya 2008 na mamlaka yake. Lakini sheria ile imejengwa juu ya haki ya mwenye chapa. Kadi ikiwa na nembo ya kampuni kubwa na si yao, sawa, kuna wa kulalamika. Kadi isiyo na jina lolote la maana, imeandikwa tu 64GB na ndani ni 8GB, imeghushi nembo ya nani? Hapo aliyeumia ni mimi mnunuzi peke yangu, na hakuna kampuni itakayonitetea. Inabidi tutafute njia kwenye sheria ya kumlinda mtumiaji, ile ya 2012, na ni boda wangapi wataacha kazi kufuatilia kadi moja?

Kwa hivyo namuunga mkono fundi. Duka ndilo lenye nguvu hapa, na ndilo libanwe.

Mwanafunzi wa sheria, Dodoma

Hoja ya mwenzetu wa Nairobi ni nzito na kwetu pia ina sura yake. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inagusa alama pamoja na maelezo ya bidhaa. Kuandika 64GB juu ya 8GB ni maelezo ya uongo kuhusu kiasi. Kwa hiyo tusiache mlango huo kwa kudhani mpaka iwepo nembo ya mtu iliyoibwa.

Mlango wa pili ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Ukimweleza muuzaji kazi unayotaka bidhaa ikufanyie, nawe ukategemea ujuzi wake kama mtu wa biashara hiyo, sheria inachukulia kuna sharti kwamba bidhaa iifae kazi hiyo. Ndiyo maana swali la ndugu wa Mwanza lina uzito kuliko anavyofikiri. Ukisema wazi "nataka kadi ya redio ya pikipiki, redio yangu mwisho wake 32GB", akakupa ya 64GB akisema itafanya kazi, umesimama mahali pazuri. Ukisema "nipe kubwa", umejiweka pabaya.

Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idaini. Bila risiti hata ukiwa na haki utaishia kubishana kaunta.

Abiria, Tanga

Mimi ombi langu ni dogo: hizo kadi zikipona, sauti ipunguzwe mkipita hospitali. Kuna wagonjwa.

Fundi, Morogoro (mleta mada)

Abiria wa Tanga, uko sahihi na ujumbe umefika.

Ndugu wa Arusha, hesabu yako naikubali na wateja wangu nawaambia hivyohivyo: 32GB inatosha. Lakini umehama kwenye swali. Mtu kununua kikubwa kuliko mahitaji yake hakumpi mwingine ruhusa ya kumuuzia 8GB kwa bei ya 64GB. Na kadi za 32GB feki pia zipo, nimezifungua.

Muuzaji wa Kariakoo, wewe nakuheshimu kwa sababu umejibu kwa hoja. Swala la mteja kubadilisha kadi ni la kweli. Ila lina dawa rahisi: kabla kadi haijatoka, iweke alama nyuma kwa kalamu isiyofutika, na namba zilizoandikwa kwenye kadi uzinakili kwenye risiti pamoja na ukubwa wake. Hapo akileta nyingine unamkatalia mchana kweupe.

Kuhusu muda wa kupima, sikutaka upime kila moja. Kwenye boksi la jumla chukua moja au mbili, pima usiku ukiwa umefunga duka. Kwenye Windows kuna H2testw, kwenye Linux kuna F3, zote ni bure. Kazi yake ni kuijaza kadi data inayojulikana kisha kuisoma tena kuona kama imerudi ilivyokuwa. F3 ina kipimo cha haraka pia, f3probe, kinachomaliza kwa dakika chache. Uitumie kwenye kadi tupu, kwa sababu inaweza kufuta kilichomo. Ukikuta feki, boksi lirudi kwa aliyekuuzia. Ukinyamaza ukaendelea kuuza, hapo sasa umejua, na huwezi kusema nawe ulidanganywa.

Kisha mpe mteja siku saba za kupima. Akiniletea mimi au fundi mwingine, tunampimia na kumwandikia majibu.

Muuzaji, Kariakoo

Alama nyuma ya kadi, nakubali, hilo naanza nalo. Kupima moja kwenye boksi, nakubali pia.

Siku saba ni nyingi. Kwenye siku saba kadi inaweza kuwa imelowa mvua, imeng'olewa redio ikiwa inaisoma mara ishirini, imekatika pembe. Nitatoa tatu. Na nitarudisha feki peke yake. Kadi nzima iliyogoma kwa sababu ya exFAT, au kwa sababu redio ya mtu ni ya zamani, siipokei. Kwa nini nibebe mimi uzee wa redio ya mtu?

Fundi, Morogoro (mleta mada)

Kwenye redio ya zamani nakuelewa, iwapo uliuliza naye hakusema. Lakini exFAT sikuachii. Kuifomati kwa FAT32 kwenye kompyuta yako pale kaunta hakumalizi dakika mbili, na wewe unajua mteja wa pikipiki akitoka hapo hana kompyuta. Ukimuuzia 64GB kwa ajili ya redio, mfomatie kabla hajaondoka, au mwambie wazi kwamba jinsi ilivyo redio yake inaweza isiione. Akichukua baada ya kuambiwa, hapo hasara ni yake na mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea.

Siku tatu kwa mtu wa mjini sawa. Kwa anayenunua Kariakoo na kwenda kuitumia Ifakara hazitoshi, siku moja ya safari, moja ya kazi, kadi haijafika hata kwa fundi. Hapo bado tunapingana, na ningependa kusikia wauzaji wengine wanaweka siku ngapi.