DEAP: zaidi ya 90% kwenye majaribio, lakini kwa mtu mpya modeli inabahatisha

Swali
Habari wakuu. Natumia data ya DEAP (mkusanyiko wa rekodi za watu wakitazama video) iliyokwisha kusafishwa (128 Hz, yaani sampuli 128 kwa sekunde) kutambua hisia kwa EEG (umeme wa ubongo unaopimwa kichwani). Nimekata rekodi vipande vya sekunde 1, nikavichanganya vyote, nikatenga 20% ya kupimia. SVM (mbinu ya kujifunza kwa mashine) inavuka 90% kwenye valensi (hisia ni nzuri au mbaya kiasi gani), nikiigawa juu au chini. Mtu ambaye hakuwemo kwenye mafunzo akiingia, inaporomoka karibu na 50%. Nihamie mitandao ya neva?

Jibu 1
SVM haina kosa, mkuu. Kosa ni kule kuchanganya. Kila mshiriki alitazama video 40 za dakika moja, na kila video akaipa alama moja tu ya valensi, kati ya 1 na 9. Vipande 60 vya video moja vina lebo ileile na vinafanana mno: mguso uleule wa elektrodi, mkao uleule. Ukivitawanya pande zote mbili, modeli inaitambua rekodi, si hisia. Mtandao wa neva utakariri vizuri zaidi!

Tumia GroupKFold (mgawanyo wa data usioweka kundi moja pande zote mbili), kundi likiwa namba ya video. Kwa mtu mpya, kundi liwe namba ya mshiriki. Kwa mshiriki mmoja una mifano huru 40, si 2,400.

Jibu 2
Kagua na safu zenyewe. Sampuli 8064 za kila rekodi ni sekunde 63, na 3 za kwanza (sampuli 384) ni kabla ya video kuanza. EEG ni chaneli 32 za mwanzo. 8 zilizobaki ni macho, misuli, jasho, pumzi na kadhalika. Ukiziacha ndani, usiseme umesoma ubongo.

Sekunde 1 ni fupi kwa theta (mawimbi ya polepole ya ubongo): kwenye 4 Hz unapata mizunguko 4 tu. Jaribu sekunde 4. Gama (mawimbi ya kasi) itilie shaka, kwani anayetabasamu au kukaza taya hujaza masafa hayo kwa umeme wa misuli, hasa T7 na T8 (elektrodi za pembeni mwa kichwa).

Muulizaji
Nikisanifisha vipengele (kuviweka kwenye wastani na mtawanyiko sawa) kwa kila mshiriki, si navujisha data ya mtu wa kupimia?

Jibu 2
Lebo zake hujazigusa, kwa hiyo inakubalika, ila itaje kwenye ripoti. Kifaa cha papo kwa papo hakitakuwa na rekodi yake nzima. Hapo wastani utoke kwenye dakika za mwanzo tu.

Jibu 1
Na ukigawa lebo kwenye alama 5 kuwa "juu" na "chini", madaraja hayo hayalingani kwa idadi. Toa F1 (kipimo kinachounganisha usahihi na ukamilifu wa majibu), na uilinganishe na modeli inayojibu "juu" kila mara.