MJADALA: Thabeet angebaki chuoni mwaka wa nne, ingemsaidia nini?

Wakuu, heshima kwenu.

Kila likitajwa jina la Hasheem Thabeet, mchezaji wetu wa kikapu, hakosekani wa kusema: "Yule dogo aliharakisha. Angemaliza miaka yake minne chuoni angeiva, na digrii angekuwa nayo." Siku hizi hoja hiyo imepata nguvu zaidi kwa sababu vyuo vya Marekani sasa vinalipa wachezaji, kwa hiyo watu wanaona hakuna haja ya kukimbilia NBA, ligi kuu ya kikapu ya kulipwa kule. Mimi nusu ya hoja naipinga. Nusu ya pili, hiyo ya digrii, naishikilia kuliko hata wanaoitoa.

Thabeet ni kijana wa Dar, urefu mita 2.21, na kikapu alianza kucheza akiwa na miaka 15 hivi. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kocha Jim Calhoun. Msimu wa kwanza alifunga wastani wa pointi 6.2 kwa mechi, wa pili 10.5, wa tatu 13.6, na mwaka huo wa tatu timu ikafika nne bora ya taifa. Kukua huko hakuna anayebisha. Juni 2009 Memphis Grizzlies ya NBA wakamchagua wa pili katika drafti nzima, yaani zamu ambayo timu za NBA huchagua wachezaji wapya kila mwaka. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba.

Sasa niambieni, mtu aliyeshika namba mbili arudi chuoni kutafuta namba ipi? Imebaki moja tu. Akiumia goti Januari, Juni hakuna timu itakayompigia simu, na nyumbani kuna watu wanamtegemea. Ni kweli Memphis hakung'ara. Februari 2010 alishushwa ligi ya chini, Dakota Wizards, na hadi siku hiyo hakuna aliyechaguliwa juu kiasi kile akapelekwa kule. Watetezi wa "angeiva" hushikilia hapo. Lakini mwaka wa nne angeupitisha akizuia mitupo ya vijana wadogo ambao tayari alikuwa amewamaliza. Alichokosa ni kupambana na watu wazima wa kimo chake wenye misuli kuliko yeye, na hao hawapatikani chuoni.

Wa kulinganisha naye ni Emeka Okafor. Chuo kile kile, kocha yule yule, nafasi ile ile ya pili, drafti ya 2004. Naye alikaa miaka mitatu tu, ila aliondoka na digrii ya fedha, alama za juu, na ubingwa wa taifa juu yake. Mwaka 2011 Kemba Walker akarudia: miaka mitatu, ubingwa, digrii. Kwa hiyo huo mwaka wa nne siyo unaoleta cheti. Kinacholeta cheti ni kijana kupangiwa kozi zake vizuri tangu semista ya kwanza, na kuwepo mtu wa kumkumbusha.

Najua mtaniletea Tim Duncan, aliyemwahidi mama yake kabla hajafariki kwamba atamaliza chuo, akakaa Wake Forest miaka yote minne na bado akawa namba moja mwaka 1997. Na Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefika Georgetown akitaka udaktari, akatoka 1991 na digrii ya isimu na diplomasia. Nawaheshimu wote wawili. Lakini tukitaja waliofaulu kwa miaka minne, tumtaje na Shabazz Napier. Huyu pia ni wa Connecticut: miaka minne, bingwa 2014, mchezaji bora wa fainali zile, na ndiye aliyewaambia waandishi kwamba kuna usiku analala na njaa. Ndani ya mwezi huo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakaruhusu vyuo kuwalisha wachezaji bila kikomo. Aibu huwa inafanya kazi haraka.

Turudi kwenye pesa. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kumgawia mapato. Matokeo yake kijana anaitwa wa mwaka wa nne huku yuko chuo cha tatu, amehama akifuata dau. Kila akihama, baadhi ya kozi alizofaulu hazihesabiwi chuo kipya. Hapo miaka minne inaisha na digrii bado iko mbali.

Tena pesa hizo si za kila mtu. Zach Edey, Mkanada, alikaa Purdue miaka minne, akawa mchezaji bora wa taifa 2023 na 2024, na alilalamika hadharani kwamba viza ya mwanafunzi inamzuia kupata wanachopata wenzake. Mtoto wa Mwanza au Bukavu akienda huko ataenda kwa viza hiyo hiyo. Ukimwambia "baki, utalipwa", mwonyeshe kwanza atalipwaje.

Na tuulizane pia digrii ipi. North Carolina, chuo cha heshima kabisa, uchunguzi wa 2014 ulikuta wanafunzi zaidi ya 3,000 katika miaka 18 walipitishwa kwenye masomo yasiyo na vipindi wala mwalimu. Unaandika karatasi moja, unapewa alama. Wanamichezo walikuwa wengi humo. Ni chuo hicho hicho Vince Carter alichokiacha 1998 baada ya miaka mitatu. Alirudia masomo akamaliza, na Mei 20, 2001 asubuhi akaenda kwenye mahafali yake, kisha akapanda ndege kwenda Philadelphia kucheza mechi ya saba, ya kuamua, ya mtoano wa NBA na timu yake ya Toronto. Mtupo wa mwisho akakosa, Toronto wakafungwa kwa pointi moja. Alilaumiwa mno. Mimi nasema alifanya sawa, na anayebisha aje hapa.

Kwangu mzazi asikomae na idadi ya miaka. Tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza la michezo ya NCAA (Division I) vinatakiwa kumgharamia mchezaji wa ufadhili kamili arudi kumaliza digrii hadi miaka 10 baada ya kuondoka. Hilo ndilo la kulisoma kabla ya kusaini, na kuuliza nani analipa nauli na malazi akirudi.

Wenye wadogo zao huko vyuoni sasa hivi, tuambieni: waliohama, kozi ngapi zilikataliwa?